Jumba la tajiri halitoshi

Samaki waliojenga nyumba ninazotaka kuzizungumzia hawakuliwa, au waliliwa kidogo tu. Wengi walichemshwa, wakakamuliwa mafuta, na makapi yao yakaanikwa juani hadi yakakauka. Mashudu hayo yalifungashwa na kupakiwa melini kwenda kurutubisha mashamba ya pamba na nili, safari ya siku nyingi kuelekea kusini. Hivyo ndivyo pwani ya magharibi ya Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini kabisa nchini Japani, ilivyoishi kwa vizazi kadhaa. Samaki mwenyewe ni heringi, ambaye Wajapani humwita nishin. Ni jamaa wa dagaa wetu, ila mkubwa zaidi. Kati ya Machi na Mei, theluji ikianza kulegea, alisogea ufukweni kwa makundi makubwa kutaga mayai kwenye mwani, na madume walipomwaga mbegu zao bahari iligeuka nyeupe kama tui. Mzee aliyekaa mlimani kutazama maji hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Weupe ukionekana, kijiji kizima kilikimbia.

Mwaka 1897 Hokkaido ilivua karibu tani 970,000 za heringi, kiasi ambacho hakikufikiwa tena. Samaki walianza kuadimika sehemu za kusini za kisiwa, uhaba ukapanda kaskazini taratibu, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 makundi makubwa ya majira ya kuchipua yalikuwa yamekoma kuja. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Wapo wanaotaja uvuvi wa kupindukia, wapo wanaotaja mabadiliko ya joto la bahari, na wapo wanaoelekeza kidole kwenye vilima vya pwani vilivyokatwa miti ili kupata kuni za kuwachemshia samaki haohao. Vyovyote iwavyo, samaki waliondoka na nyumba zikabaki.

Nyumba hizo huitwa banya. Ni majengo ya mbao ya familia zilizomiliki nyavu, na leo kadhaa yanatunzwa kama urithi wa taifa au wa mkoa. Nazileta kwa msomaji wa pwani yetu kwa sababu moja. Japani imehifadhi majumba ya matajiri wa samaki, na imehifadhi pia, mahali pachache, ua mzima wa kazi: ghala la mchele, ghala la nyavu, uwanja wa kuanikia. Vitu hivi viwili havilingani thamani, na nina hakika cha pili ndicho chenye maana zaidi. Sisi bado hatujakifikiria hata cha kwanza.

Twende kwanza Yoichi, mji mdogo magharibi ya bandari ya Otaru. Wageni wengi wanaoshuka hapo kwa treni wanafuata kiwanda cha wiski ambacho Masataka Taketsuru alikianzisha mwaka 1934, na baada ya kuonja wanapanda treni kurudi walikotoka. Sitawalaumu, baridi ya huko si ya mchezo. Lakini karibu na bahari upo ua uliokuwa wa familia ya Fukuhara, uliotangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 1982. Nyumba kuu ipo, na kando yake yapo majengo ambayo kwa kawaida ndiyo ya kwanza kubomolewa mji unapotafuta nafasi ya kuegesha magari: ghala la nyaraka, ghala la mchele na miso (rojo la soya lililochachushwa), ghala la nyavu, na uwanja wa wazi wa kukaushia samaki.

Ukitaka kuielewa biashara ya familia, anza na maghala kabla hujaingia sebuleni. Ghala la mchele na miso linakuambia kwamba tajiri hakuwa akilisha watoto wake tu. Wavu mmoja mkubwa wa kutegea ulihitaji wanaume 20 hadi 30 na zaidi, na familia yenye nyavu mbili au tatu ilikuwa na kikosi cha kulisha kuanzia mwisho wa majira ya baridi mpaka samaki walipomalizika. Hokkaido ya wakati ule haikulima mpunga wa kuitosha. Mchele ulikuja kwa meli, pamoja na chumvi, pombe, nguo na kamba, katika majahazi ya biashara yaliyopita upande wa Bahari ya Japani kutoka Osaka na bandari za njiani. Majahazi hayohayo, yaliyojulikana kama kitamaebune, yalirudi yamesheheni mashudu ya heringi na mwani mkavu wa kombu. Kwa hiyo ghala hilo la chakula lilikuwa pia sehemu ya mtaji, na kabla samaki hajaonekana, tajiri alikwisha kutumia pesa nyingi.

Hapo ndipo ghala la nyaraka linapoingia. Jengo hili dogo lilijengwa imara kuliko nyumba ya kulala, kwa sababu lililomo ndani halikuweza kununuliwa upya likiungua: daftari za hesabu, mikataba, orodha za vibarua, hati za madeni. Vibarua wengi walichukua malipo ya mbele kabla ya msimu, na msimu ukiwa mbaya, deni lilibaki. Tajiri naye alikuwa na wadai wake, wafanyabiashara wa mbolea waliomkopesha dhidi ya samaki ambao bado walikuwa baharini. Uvuvi huu ulifungwa kwa mikopo pande zote, na mwaka mmoja wa bahari tupu ulitosha kuhamisha nyavu, ua na jina la familia kwenda mikononi mwa mwingine. Mwanahistoria David Howell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 kuhusu uvuvi huu wa Hokkaido, anaonyesha kwamba ubepari wa Japani haukusubiri mashine kutoka Ulaya. Ulikwisha kuanza kuota hapa ufukweni, kati ya mwenye wavu mkubwa na mtu mwenye mikono mitupu. Ukisimama kati ya ghala la mchele na ghala la nyaraka, hoja yake unaiona kwa macho.

Wala ubepari huo haukuota kwa amani. Kabla ya nyavu kubwa kuenea, familia za kawaida zilivua kwa nyavu ndogo za kunasia, mume na mke na watoto, mashua moja. Nyavu kubwa zilipoanza kuwazibia samaki njia, wavuvi wadogo walipinga, na mwaka 1855 kundi lao lilipanda pwani likizikata nyavu za matajiri. Walishindwa. Katika miongo iliyofuata wengi wao au wana wao wakawa vibarua wa nyavu zilezile. Sijui kama kuna bango linaloweza kubeba kisa hicho vizuri kama jengo lenyewe la kutunzia nyavu: ukiona urefu wake, unaelewa mara moja kwa nini mtu mwenye mashua moja asingeweza kushindana.

Uwanja mtupu wa kuanikia ndio unaodharauliwa zaidi na wapiga picha. Hapo hapana nakshi wala paa. Lakini hapo ndipo samaki alipogeuka pesa, na ndipo jina la tajiri lilipopatia umaarufu wake. Fuata safari ya samaki mmoja. Baharini wavu mkubwa ulikaa mahali pake, na samaki walioingia walihamishiwa katika mfuko mkubwa wa wavu ulioning'inizwa chini ya mashua, ili waburutwe hadi karibu na ufukwe bila kuizamisha. Kutoka hapo wanaume waliwachota kwa nyavu za mpini mrefu, wakiimba ili mikono yao iende pamoja. Wimbo wa kuchotea ndio chimbuko la Soran Bushi, ambao watoto wa shule Japani nzima huucheza leo kwenye sikukuu za michezo, na Yoichi ni miongoni mwa miji inayodai kuwa nyumbani kwake. Watoto hao wanaoinama na kuvuta kamba za hewani sina hakika kama huambiwa kwamba kamba ile ilikuwa nzito, na kwamba maji yale yalikuwa na barafu wiki chache kabla.

Ufukweni kazi ilihamia kwa wanawake na watoto. Walibeba samaki mgongoni katika masanduku ya mbao, wakipanda na kushuka kutwa nzima, na shule zilifungwa ili mikono midogo nayo isaidie. Wengine waliketi wakiwapasua heringi kwa kasi, mayai upande huu, mbegu za madume upande ule, matamvua kwingine, kwa sababu kila kitu kilikuwa na bei yake. Baadhi walining'inizwa kwenye chanja wakauke kwa chakula. Waliobaki, yaani wengi, waliingia katika masufuria makubwa ya chuma, wakachemka juu ya kuni, wakatiwa katika kikamulio cha mbao, mafuta na maji yakatoka, na bonge lililobaki likavunjwavunjwa na kutandazwa uwanjani. Mvua ikinyesha yaliharibika. Kwa hiyo uwanja ule mtupu ulikuwa mahali pa wasiwasi kuliko penginepo katika ua mzima.

Sasa tuingie ndani. Banya ya kawaida ni paa moja kubwa juu ya maisha mawili. Katikati hupita ushoroba wa sakafu ya udongo, kutoka mlango hadi nyuma. Upande mmoja ni makao ya tajiri na familia yake: mikeka ya tatami, milango ya karatasi ya kuteleza, mbao zilizosuguliwa mpaka zikang'aa. Upande wa pili ni ukumbi mpana wa mbao wenye meko ya kuotea moto katikati, na kandokando ya kuta vipo vitanda vya kupandana walikolala vibarua, kila mmoja na nafasi inayokaribia mkeka mmoja wa tatami. Juu hakuna dari. Unaona boriti nene zilizobeba uzito wa theluji, na tundu la kutolea moshi. Mchoraji wa ramani ya nyumba hiyo hakuwa na haya hata kidogo. Tajiri aliwasikia watu wake wakikohoa usiku, nao walimsikia akihesabu.

Vibarua hao waliitwa yanshu. Wengi walikuwa wakulima wa kaskazini mwa Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, kutoka Aomori, Akita na Iwate, waliovuka mlango wa bahari wakati mashamba yao yamelala chini ya theluji, wakarudi kwa ajili ya kupandikiza mpunga. Msomaji aliyekulia Kilwa, Mafia, Pemba au Vanga hahitaji maelezo marefu hapa. Hili ni dago. Mtu anaacha nyumba yake kwa msimu, anafuata samaki pwani ya wenyewe, analala kambini chini ya nahodha, anakula chakula cha tajiri, na mwisho wa bamvua au wa msimu hesabu zinapigwa. Tofauti ni kwamba dago letu linaezekwa makuti na kuachwa, na la Hokkaido lilijengwa kwa magogo ndani ya nyumba ya mwenye nyavu. Theluji haikuruhusu vinginevyo.

Kwa ukubwa, banya iliyobaki ya kutisha zaidi ni ya familia ya Hanada huko Obira, kaskazini zaidi, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kulaza watu wapatao 200 wakati wa kilele. Tangu 1971 ni mali muhimu ya kiutamaduni ya taifa. Kando yake sasa kuna kituo cha mapumziko cha barabarani kinachouza supu ya tambi na zawadi, na watu hupita bahari mkono mmoja na banya mkono mwingine. Sioni ubaya. Jengo lenye wapita njia lina nafasi kubwa ya kutengenezwa paa kuliko lenye heshima tu.

Upande wa pili yapo yale ambayo watu huyaita majumba ya heringi, na jina hilo linaeleza yote. Moja lilijengwa na tajiri Fukumatsu Tanaka katika kijiji cha Tomari, likakamilika mwaka 1897, mwaka uleule wa kilele. Mwaka 1958 kampuni ya makaa ya mawe na meli ya Hokkaido ililivunja kipande kwa kipande, ikalihamishia Shukutsu, nje kidogo ya Otaru, ikalisimamisha juu ya mwamba unaotazama bahari na kulikabidhi kwa mji. Nafurahi kwamba lipo. Lisingehamishwa, pengine lingeoza kama mengine mengi ya miaka ile, samaki walipokuwa wamekwisha na vijana wanahamia mijini. Lakini tazama walichohama nacho na walichokiacha. Walibeba nyumba. Ufukwe wake, uwanja wake wa kuanikia, njia iliyokanyagwa na wanawake wenye masanduku mgongoni, vyote vilibaki Tomari. Mwamba wa Shukutsu unapendeza kwa picha, na ndilo tatizo lake: hakuna tajiri wa samaki ambaye angejenga juu ya mwamba wakati samaki wanashuka ufukweni.

Huko huko Shukutsu familia ya Aoyama ilikwenda mbali zaidi. Kati ya 1917 na 1923 ilijijengea nyumba ya mapumziko yenye uchoraji wa milangoni, mbao adimu zilizoagizwa kutoka Honshu na bustani za kutazama tu. Ndani ya nyumba hiyo hutapata harufu ya heringi, wala haikukusudiwa uipate. Ni kazi nzuri mno ya maseremala, na mtu anayependa mbao atashinda humo siku nzima. Ila haikuambii chochote kuhusu uvuvi isipokuwa kwamba ulilipa. Ukitaka kuona namna ulivyolipa, majengo ya kazi ya familia hiyohiyo yalihamishiwa Kijiji cha Kihistoria cha Hokkaido kilichofunguliwa mwaka 1983 nje ya Sapporo: banya, maghala, na lile jengo la mbao la kuhifadhia samaki kabla hawajachakatwa. Kwa hiyo familia moja imegawanywa. Fahari yake iko pwani ya Otaru, na jasho lake liko msituni, kilomita nyingi kutoka kwenye maji. Sijui kama kuna aliyekaa akapanga hivyo. Imetokea tu, jinsi urithi unavyotokea kokote: kinachopendeza hubaki mahali pake kwa kuwa kina mnunuzi wa tiketi, kingine hutafutiwa pa kuwekwa.

Ndiyo maana naupa ua wa Yoichi nafasi ya kwanza. Hauna nyumba kubwa kuliko zote wala nzuri kuliko zote. Una mahusiano. Mchele kule, nyavu huku, karatasi katikati, uwanja mbele, na yote mahali pake.

Hata hivyo nisiusifu kupita kiasi, maana ua nao unaficha. Kabla ya familia hizi kuwa na nyavu, ufukwe huu ulikuwa wa Waainu, wenyeji wa Hokkaido. Ukoo wa watawala wa Matsumae, ambao ardhi yao haikutoa mpunga wa kukusanyia kodi, uliwagawia watumishi wake haki ya kufanya biashara na Waainu, na baadaye haki hizo zikakodishwa kwa wafanyabiashara. Biashara ikageuka uvuvi, na wenyeji waliokuwa wakibadilishana mali wakageuka vibarua wa wageni katika maji yao wenyewe, kwa ujira mdogo na mara nyingi kwa kulazimishwa, huku magonjwa kama ndui yakiwapunguza. Mfumo huo wa ukodishaji ulifutwa rasmi mwaka 1869, serikali mpya ya Meiji ilipoanza kuwaleta walowezi kwa wingi. Hapohapo Yoichi limebaki jengo la mfanyabiashara mmoja wa enzi hiyo, lililojengwa upya mwaka 1853, na ni la pekee la aina yake lililosalia. Limetunzwa vizuri. Mgeni anaweza kutembelea jengo hilo asubuhi na ua wa Fukuhara mchana bila kujua kwamba ametembea sura mbili za kisa kimoja, ya kwanza ikiwa na Waainu kama nguvukazi na ya pili ikiwa na wakulima maskini wa Honshu badala yao.

Bunge la Japani liliwatambua Waainu kuwa watu wa asili mwaka 2008, na mwaka 2020 ikafunguliwa makumbusho yao ya taifa, Upopoy, mjini Shiraoi. Ni hatua. Lakini Shiraoi iko pwani ya upande mwingine, na makumbusho maalumu yana hatari yake: hukusanya watu wote mahali pamoja, kisha mahali pengine pote panajiona hapadaiwi tena maelezo. Deni la Yoichi lilipwe Yoichi.

Na bado hapo sijagusa msitu. Ukichukua ghala, uwanja na masufuria, ukahesabu kuni zilizohitajika kuchemsha samaki kwa mamia ya maelfu ya tani, vilima vinavyotazama bahari ni sehemu ya kiwanda kilekile. Hakuna aliyewahi kuvizungushia uzio wa urithi, na haiwezekani. Inatosha mwelekezaji wa wageni atoke nje na kuvionyesha kwa kidole.

Sasa nije kwenye kilichonisukuma kuandika, nacho ni sheria. Mwezi Januari 1949 moto uliteketeza michoro ya ukutani katika hekalu la Horyuji huko Nara, na mwaka uliofuata Japani ikatunga sheria ya kulinda mali za kiutamaduni. Sheria ile imerekebishwa mara nyingi, na katika marekebisho hayo vitu vya watu wa kawaida, nyavu, mashua na nyumba za kazi, vilipewa fungu lao. Mwaka 1996 ikaongezwa daraja jepesi la usajili kwa majengo yaliyotimiza angalau miaka 50. Kwa hiyo umri unasogea na kalenda. Jengo la 1975 lilikuwa jipya mno mwaka 2000. Leo linaweza kuombewa usajili. Nyumba ya mapumziko ya Aoyama iliingia kwa mlango huo mwaka 2010.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ni ya 1964. Kwa mujibu wake, jengo ni la kale likiwa limejengwa kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo haujasogea tangu siku ulipoandikwa. Waziri ana mamlaka ya kutangaza majengo ya baadaye kuwa ya kulindwa, na amewahi kufanya hivyo, lakini mtu au kijiji kinachotaka jengo la karne ya 20 litazamwe lazima kianze kwa kuomba upendeleo. Kenya ina sheria ya 2006 nayo imechora mstari wake mwaka 1895. Mistari hii inazipendelea ngome, misikiti na nyumba za mawe, na kwa haki kabisa Kilwa Kisiwani iliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka mmoja baadaye. Ila miji hiyo yote ilikula samaki kila siku ya uhai wake. Nani aliwavua, walilala wapi, walikausha wapi, hesabu ziliandikwa wapi? Mawe hayasemi.

Nitaambiwa kwamba pwani yetu haikuwa na majengo ya uvuvi ya kudumu, kwamba banda la makuti halifikishi miaka mitano bila kuezekwa upya, sembuse 50. Jibu la Hokkaido ni kwamba mbao nazo huoza. Paa za banya zimebadilishwa, nguzo zimeungwa, na baadhi ya majengo yamefumuliwa yote na kusimamishwa mara ya pili. Kinachotunzwa ni mpangilio wa mahali na ujuzi wa kupaunda upya, na vyote viwili tunavyo. Nenda kwenye viwanja vya kuchemshia dagaa vya Unguja. Kuna majiko ya udongo yaliyopangwa mstari, kuna maji ya chumvi yanayochemka, kuna wanawake wanaonunua ndoo kwa ndoo kutoka mashua na kuanika, kuna madalali, na kuna magunia yanayoanza safari ya kwenda hadi Kongo. Ua wa Fukuhara ulikuwa hivyohivyo wakati wa uhai wake, pamoja na moshi na nzi. Tofauti ni kwamba wetu bado unafanya kazi, kwa hiyo kuupima, kuuchora ramani na kuwahoji wenyewe ni rahisi na hakuna haja ya kufukua chochote. Wanafunzi wawili wa usanifu majengo na mmoja wa historia wangeweza kuimaliza kambi moja katika msimu mmoja. Daftari za matajiri nazo zipo, katika masanduku na mifuko ya plastiki, na zinaliwa na mchwa.

Hokkaido ilichelewa. Walioanza kuzihesabu banya walianza samaki walipokuwa wamekwisha kuondoka. Heringi wenyewe wamerudi kidogo, baada ya miaka ya kuzalisha vifaranga na kuwaachia baharini. Mwaka 1999 bahari ya Rumoi ilionekana nyeupe tena baada ya zaidi ya miaka 40, na tangu hapo weupe huo umeonekana pia Otaru. Wanaowavua sasa ni watu wachache wenye mashua ndogo na nyavu za kunasia, namna ileile ya familia zilizoshindwa mwaka 1855, na jioni wanalala kwao. Hakuna anayehitaji banya.

Wajapani wana jengo moja la samaki ambalo liko kwetu. Soko la Feri la Dar es Salaam lilijengwa kwa msaada wa serikali yao mwanzoni mwa miaka ya 2000: ukumbi wa mnada, sehemu ya wakaangaji, meza za kuparia, kila kazi na mahali pake, ua mzima katika zege. Kwa kanuni ya Japani, linaweza kuombewa usajili mwanzoni mwa miaka ya 2050. Kwa sheria yetu, lilichelewa kuzaliwa kwa karibu miaka 140.